Ushirikiano ufike hadi kibandani
Mwandishi wa makala ya usalama wa mtandao niliyoisoma anataka serikali na sekta binafsi zishikane mikono kulinda mitandao ya nchi. Sipingi. Ila mimi ni wakala wa pesa za simu, kutwa niko kibandani, na ushirikiano huo sijauona dirishani kwangu. Juzi kaja mama mmoja anatetemeka: kapokea ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", na kwa kuwa kweli alikuwa anadaiwa kodi ya chumba, akatuma. Nikapiga huduma kwa wateja, wakasema aende kituoni. Kituoni wakamrudisha kwa kampuni ya simu. Kufika jioni hela ilishatolewa zamani.

Namba ya kuripoti matapeli, 15040, tunayo. Laini tunasajili kwa alama za vidole. Sasa tapeli yule alisajiliwa kwa kidole cha nani? (Bofyeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, utashangaa.)

Na benki ikidukuliwa isinyamaze kwa kuogopa wateja watakimbia. Ikiwatonya wenzake siku hiyo hiyo, nao watawahi kuziba tundu lile lile. TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na BoT (Benki Kuu ya Tanzania) wabane hapo kwanza, makongamano baadaye.