Kuku milioni 50 na benchi la nyuma mahakamani

Mwaka 2011, ofisa mmoja wa Msumbiji alimwandikia baruapepe Jean Boustani, mfanyabiashara wa kampuni ya ujenzi wa meli ya Privinvest, akimwomba aongeze kwenye hesabu "kuku milioni 50". Waendesha mashtaka wa Marekani walisema kuku hao walikuwa dola. Nimeianza na baruapepe hii kwa sababu moja. Wananchi wa Msumbiji ambao wangekuja kuwalipia kuku hao hawakuyajua maneno hayo kupitia bunge lao wala gazeti la serikali. Waliyapata kwenye nyaraka za mahakama iliyoko Brooklyn, New York.

Kwa asiyekumbuka, kati ya mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji, yaani ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa karibu dola bilioni 2 kutoka benki mbili, Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Serikali iliidhamini mikopo hiyo bila idhini ya bunge. EMATUM peke yake ilichukua dola milioni 850, tukaambiwa ni za kuvua jodari. Zikaletwa boti 24 za uvuvi, nyingi zikaishia kuota kutu bandarini Maputo. Mwaka 2016 mikopo iliyobaki ikafichuka, IMF na wafadhili wakafunga mkono, sarafu ya metikali ikaporomoka. Wakaguzi wa Kroll walipokuja mwaka 2017 walikuta dola milioni 500 ambazo hakuna aliyeweza kueleza zilitumikaje.

Hapo ndipo inapoingia CIP, asasi ya Maputo inayofuatilia uwazi serikalini, pamoja na FMO, jukwaa la asasi zinazofuatilia bajeti. Nyumbani walijaribu kila mlango. Walikusanya saini za raia wapatao 2,000 wakaenda Baraza la Katiba. Walichapisha fulana za kusema "mimi silipi madeni ya siri", na Januari 2019 polisi wakasimama nje ya ofisi ya CIP kuzuia zisigawiwe. Mwezi mmoja kabla ya hapo, waziri wa fedha wa zamani, Manuel Chang, alikuwa amekamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa hati ya Marekani. Mlango wa nyumbani umewekewa polisi, wa ugenini uko wazi. Ungekuwa wewe ungeingia upi?

CIP ikampeleka mtafiti New York kufuatilia kesi ya Boustani, akawa anatuma taarifa kwa Kireno. Kazi hiyo haina mbwembwe. Mahakama za shirikisho za Marekani haziruhusu kamera kwenye kesi za jinai. London nako, ambako Msumbiji iliishitaki Privinvest, kupiga picha mahakamani ni kosa tangu 1925, na raia asiye mwandishi wa habari anapaswa kuomba ruhusa kabla ya kurusha ujumbe akiwa ndani. Kwa hiyo mwangalizi anakaa benchi la nyuma na daftari lake, anasubiri kielelezo kitajwe kwa namba, anakimbilia kukiomba. Asasi ya Kiingereza ya Spotlight on Corruption imeifanya hiyo kuwa kazi rasmi: ina mpango mzima wa kufuatilia kesi za rushwa mahakamani. Kesi ya wazi ambayo hakuna anayeihudhuria ni wazi kwenye karatasi tu.

Mpaka hapo, nadhani wengi tunakubaliana. Ugomvi unaanza pale mwangalizi anapoacha benchi la nyuma na kuwa mdau wa kesi.

Ndivyo ilivyokuwa Johannesburg. Msumbiji nayo ilimtaka Chang, na Mei 2019 waziri wa sheria wa Afrika Kusini akaamua arudishwe kwao. FMO ikaenda mahakamani kupinga kurudishwa kwake nyumbani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu huyu bado ni mbunge mwenye kinga, na kwamba vyombo vilivyolala miaka yote hiyo vimeamka ghafla baada ya Wamarekani kumkamata. Novemba 2019 uamuzi ukatenguliwa. Waziri aliyefuata akaamua vilevile mwaka 2021, FMO ikamfikisha naye mahakamani ikashinda tena. Julai 2023 Chang akapandishwa ndege kwenda Marekani.

Serikali ya Maputo ililalamika, na malalamiko yake hayakuwa ya kupuuzwa. Ni kama kusema: waziri ni wetu, saini za dhamana ni zake, deni ni letu, na aliyeumia ni mama wa Nampula asiyepata dawa zahanati. Vipi basi ahukumiwe kwa hasara ya wawekezaji wa Marekani? Tena Brooklyn yenyewe haikuwa na uhakika na nafasi yake. Desemba 2019 jopo la raia lilimwachia huru Boustani, na baadhi yao walieleza baadaye kwamba hawakuona kesi ile ilivyohusiana na mji wao. Asasi ya Msumbiji iliyokuwa imeweka matumaini yake kwenye mahakama hiyo ilirudi mikono mitupu, na walioidharau walipata la kusema.

Agosti 2024 mambo yaligeuka. Chang alipatikana na hatia, na Januari 2025 akafungwa miaka minane na nusu. Hiyo ni adhabu halisi, na siamini angeipata nyumbani. Lakini Maputo nako kulikuwa na kesi yake, nayo inanifanya nisite kuwapa FMO alama zote. Agosti 2021 hema kubwa lilisimikwa kwenye gereza la ulinzi mkali, washitakiwa 19 wakaketi ndani yake, wakiwemo wakuu wa usalama wa taifa na Ndambi Guebuza, mtoto wa rais mstaafu. Kesi ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Rais mstaafu Armando Guebuza mwenyewe alipanda kutoa ushahidi Februari 2022. Desemba mwaka huo 11 walitiwa hatiani, mtoto wa rais akapewa miaka 12.

Unaweza kusema ilikuwa maigizo, kwamba walichaguliwa wa kutolewa kafara. Huenda. Filipe Nyusi, aliyekuwa waziri wa ulinzi wakati wa mikopo na baadaye rais, hakuwa mshitakiwa. Yeye amekana kosa lolote, na London Septemba 2023 mahakama ilisema ana kinga kama mkuu wa nchi. Hata hivyo, mwenye kibanda cha Matola aliiona kesi ile kwa macho yake, kwa lugha anayoisikia, wakati ya Brooklyn aliletewa kwa mafungu. Na Chang, aliyejua mengi kuliko wengi waliokuwa ndani ya lile hema, hakuwemo. Ushindi wa FMO ulichangia hilo. Sisemi walikosea, kwa waliyoyajua mwaka 2019, na mimi ningesaini pingamizi lao lile la mahakamani. Nasema waliuza kitu ili wapate kingine, na kwenye taarifa zao za ushindi sehemu ya kilichouzwa haionekani sana.

Watanzania tunaifahamu hadithi hii kwa jina la rada. Mtambo wa pauni milioni 28 kutoka BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, ulichunguzwa huko Uingereza, huku asasi za huko kama Corner House zikipiga kelele. Uchunguzi huo ndio ulioibua zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa kisiwani Jersey kwenye akaunti ya Andrew Chenge, naye akaziita vijisenti. Alijiuzulu uwaziri mwaka 2008, alikana kuhusika na rushwa ya rada, hakushitakiwa, na Kiswahili kikapata neno. Desemba 2010 BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu ipasavyo, siyo rushwa, ikapigwa faini ya pauni 500,000. Karibu pauni milioni 30 zilirudi kununua vitabu na madawati. Watoto walikaa kwenye madawati hayo, sitayabeza, ila hakuna aliyetiwa hatiani kwa kupokea rushwa.

Wapo wanaodai asasi hizi ni vibaraka kwa kuwa zinakula fedha za balozi za Ulaya. Hoja hii huwa inanichosha. Serikali iliyokopa kwa Waswisi ikiwa imelificha bunge lake haina uso wa kumsema mtu kwa kupokea ruzuku ya Waswisi. Swali zito zaidi ni je, nani anayeruhusiwa kukaa benchi la nyuma, na wapi. Mei 2025 wanasheria wa Kenya Martha Karua na Willy Mutunga walikwenda Dar es Salaam kuangalia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu katika mahakama ya Kisutu, wakazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa Kenya. Mwafrika anaingia mahakama ya London bila kuulizwa, anazuiwa ya jirani yake. Kwa hali hiyo kuzilaumu asasi kwa kupenda mahakama za mbali ni kumlaumu aliyefungiwa mlango kwa kupita dirishani.

Fedha nazo zina safari yake. Credit Suisse ilikubali kutozwa dola milioni 475 na wasimamizi wa Marekani na Uingereza mwaka 2021, na kusamehe deni la dola milioni 200. Julai 2024 Jaji Robin Knowles wa London aliipa Msumbiji ushindi wa zaidi ya dola milioni 800 dhidi ya Privinvest. Na ile petisheni ya raia 2,000? Baraza la Katiba liliikubali Juni 2019, likatangaza mkopo wa EMATUM batili. Miezi michache baadaye serikali ikaubadilisha mkopo huohuo kuwa hati fungani mpya ya dola milioni 900, ya kulipwa hadi mwaka 2031.