Kabla ya Kumwambia "Kaa Sawa", Mtazame Kakalia Nini

Mama yangu ana maneno mawili kwa wajukuu zake: "Nyoosha mgongo!" Akipita barazani kwetu hapa Chikongola, Mtwara, hata awe na beseni la dagaa mkononi, akimkuta mtoto kajikunja juu ya daftari lazima ayatoe. Siku akiwa na nafasi anaongeza: "Utaota kibyongo wewe." Binti yangu wa darasa la tatu ananyooka kama mlingoti, anamsubiri bibi apotelee uani, kisha anajikunja upya.

Mimi nilikuwa hivyohivyo, na kelele zangu zilizidi za mama. Kilichonifunga mdomo ni kikao cha wazazi. Tulikutana darasani mwao, na kikao kilipoisha binti akanivuta mkono: "Baba, mimi nakaa hapa." Akakaa. Miguu ikaning'inia shibiri nzima kutoka sakafuni, na ubao wa kuandikia ukamfika karibu na kwapa. Ili aandike, ama apandishe bega mpaka sikioni, ama alale juu ya daftari. Dawati la aina hiyohiyo ndilo wanalokalia wa darasa la saba. Kumbe miaka yote namgombeza mtoto kwa kosa la kipimo cha seremala!

Najua nitaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Sawa, ila huyu wangu keshakunjika tayari, na aliyemkunja ni dawati.

Nyumbani hatuna dawati, lakini meza ya chakula nayo ni ya watu wazima. Wataalamu wanasema nyayo zikanyage kitu, magoti yakunjike kama kona ya daftari, na meza iwe usawa wa kiwiko mkono ukiwa umeshuka. Nikampandisha kwa mto, viwiko vikakaa sawa, miguu ikazidi kuning'inia. Nikaleta tofali, halikutosha. Yakawa mawili, nikayafunga kipande cha kanga kuukuu yasimkwaruze. Gharama yake ni sifuri, na jioni ile aliandika imla nzima bila kulalia mkono. Nilikaa namtazama kama mtu anayeangalia mpira.

Begi halinitishi sana. Ushauri wa kawaida ni lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, na la kwake limo humo. Kinachonitisha ni maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 ukiacha ndoo yenyewe, na mtoto wa darasa la tatu ana kilo ishirini na kitu. Mama anashikilia kwamba ndoo ya kichwani ndiyo inayonyoosha shingo, na kweli ukimwona mwanamke wa huku na ngata yake, hamwagi hata tone. Lakini huyo ni mtu mzima. Mtoto mpe kidumu kidogo, arudie safari. Na msimu wa korosho, akienda kuokota, mfundishe kuchuchumaa badala ya kuinama kutwa.

Hicho kibyongo cha bibi, tuseme ukweli, ni kitisho tu. Kujikunja ukisoma hakuoteshi nundu. Hata uti wa mgongo unaopinda upande, kwa watoto wengi chanzo chake hakijulikani, na si begi. Ila kuutazama ni rahisi: mwambie mtoto asimame miguu pamoja, ainame mikono ikining'inia, wewe simama nyuma yake uone kama upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine. Ukiona hivyo, au nundu imejitokeza, au mgongo unamuuma mpaka unamwamsha usiku, au ana homa na anakonda, usimkandekande nyumbani. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Mpeleke hospitali, kwetu ni Ligula.

Tena hata ukimpatia kiti cha mfalme, akikigandia saa tatu na simu mkononi umefanya kazi bure. Mgongo unataka kubadilishwa mkao. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na hapa Mtwara hilo halihitaji mwalimu: rede, kamba, kuogelea Shangani maji yakijaa. Wangu akilala kifudifudi kwenye mkeka kusoma hadithi simsemi tena. Mama ananisema mimi.

Limebaki dawati. Nilipendekeza kwa kamati ya shule fundi apigilie ubao wa kukanyagia kwenye madawati ya wadogo, na yatakayofuata yachongwe mafupi. Wakasema wazo zuri, tusubiri korosho zilipwe. Minada haijaanza. Binti ameshajitafutia njia: anaweka begi chini ya dawati, analikanyaga.