VC-Turbo: Akili Nyingi, Beringi Nyingi

Mwaka 2025 Nissan iliwataka wenye magari yapatayo 444,000 nchini Marekani wayarudishe yakaguliwe injini. Zote ni injini za VC-Turbo, zile za petroli zinazobadilisha kompresheni, yaani kiasi cha kubana hewa na mafuta ndani ya silinda, huku gari likitembea. Waliokuwa wakiishuku teknolojia hii wakaona wamethibitishwa. Wanaoitetea wakajibu kwamba kwa makadirio ya kampuni yenyewe, yenye kasoro ni asilimia 1.2 tu. Kila upande una hoja, ila swali linalonishughulisha mimi ni jingine: je, faida ya injini hii inatosha kulipia ugumu ulioongezwa ndani yake?

Faida ipo, tena ya kweli. Injini ya petroli hupenda kompresheni kubwa. Mchanganyiko wa hewa na mafuta ukibanwa zaidi kabla plagi haijauwasha, sehemu kubwa zaidi ya joto hugeuka kuwa nguvu ya kusukuma pistoni. Kwa hesabu za darasani, uwiano wa 8 kwa 1, yaani mchanganyiko kubanwa hadi sehemu moja ya nane ya nafasi yake, unaweza kugeuza takriban asilimia 56 ya joto kuwa kazi. Ukifika 14 kwa 1, inakaribia 65. Injini halisi hazifiki huko, lakini zinafuata mkondo huohuo. Kikwazo ni tabo, feni inayozungushwa na moshi wa injini. Inajaza hewa nyingi kwenye silinda, na hewa hiyo ikibanwa kupita kiasi, mafuta hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Injini inagonga, na ikiachwa igonge hivyo inaweza kutoboa pistoni. Ndiyo maana injini za tabo kwa kawaida hupewa kompresheni ndogo, na dereva huilipia kwa mafuta kila anapokwenda taratibu, wakati tabo yenyewe haina kazi kubwa.

VC-Turbo inataka vyote viwili. Ukienda polepole inapanda hadi 14 kwa 1. Ukikanyaga mafuta inashuka hadi 8 kwa 1. Wazo si geni: Saab, kampuni ya magari ya Sweden, walileta kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 2000 injini ya lita 1.6 iliyocheza kati ya viwango hivyohivyo kwa kuinamisha sehemu yake ya juu, na haikufika sokoni. Nissan ilionyesha ya kwake kwenye maonyesho ya Paris mwaka 2016, ya lita 2.0, kisha ikaiuza kwenye gari la chapa yake ya kifahari, Infiniti QX50 ya modeli ya 2019 ikiwa na nguvu za farasi 268.

Tuingie ndani yake. Katika injini ya kawaida konrodi, fimbo ya chuma, hutoka kwenye pistoni na kushika moja kwa moja krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo kila silinda ina viungo viwili: pini juu, na chini beringi, pete inayopunguza msuguano. Katika VC-Turbo konrodi haifiki kwenye krenki. Inashika kipande kiitwacho L-link, ambacho kimeikumbatia krenki katikati na kucheza juu yake kama mkono wa mizani. Ncha moja ya mkono huo hubeba konrodi. Ncha ya pili imeshikwa na kipande kingine, C-link, kinachoshuka hadi kwenye shafti ya pili iliyo chini. Mota ya umeme ikiizungusha shafti hiyo kidogo, ncha ya pili huvutwa au kusukumwa, ya kwanza hufuata, na pistoni huishia juu zaidi au chini zaidi ndani ya silinda. Sasa hesabu: viungo vitano kwa kila silinda mahali pa viwili, na vyote hutegemea utando mwembamba wa oili.

Mpangilio huu una mazuri yake hata nje ya kompresheni. Mlipuko unapoisukuma pistoni, konrodi inakuwa karibu wima, hivyo pistoni haiegemei sana ukuta wa silinda, na injini ya silinda nne inatulia bila shafti za kupunguza mtetemo. Ni uhandisi wa hali ya juu, na anayeubeza hajautazama kwa makini.

Hata hivyo, Desemba 2023 NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, ilifungua uchunguzi kufuatia malalamiko ya injini kupoteza nguvu na kuharibika. Kasoro ikaonekana kwenye beringi, zile kuu za krenki na zile za viungo vya ziada. Beringi ikianza kulika hutoa chenga za chuma, chenga huingia kwenye oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayolisha kila kiungo kingine. Katika ukaguzi ulioagizwa, fundi hufungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, akitafuta chenga hizo. Akizikuta, injini hutengenezwa au hubadilishwa.

Watetezi wanasema hiyo ni kasoro ya kiwandani, wala haikutokana na usanifu. Nakubali, lakini nusu tu. Kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine ambapo kosa dogo la kiwanda linaweza kuiua injini nzima, hata mafundi wakiwa makini kuliko wenzao wote. Na ile asilimia 1.2 inayosikika ndogo, ukiizidisha kwa magari 444,000, ni zaidi ya injini 5,000.

Tuje kwenye mafuta. Nissan Rogue ya 2021 yenye injini ya kawaida ya lita 2.5 ilitoa farasi 181 na kutumia kama lita 7.8 kwa kilomita 100, kwa vipimo rasmi vya Marekani. Ya 2022, yenye VC-Turbo ya lita 1.5 na silinda tatu tu, ilitoa farasi 201 kwa lita 7.1. Nguvu zaidi kwa mafuta pungufu si jambo dogo. Lakini Toyota RAV4 ya haibridi, inayochanganya petroli na umeme, ilikuwa ikitumia kama lita 5.9, kwa injini isiyo na tabo wala L-link, yenye kompresheni isiyobadilika ya 14 kwa 1. Nguvu ikipungua, mota ya umeme inasaidia. Hapo ndipo hoja ya VC-Turbo inapolegea machoni pangu. Nissan yenyewe iliitumia VC-Turbo kuzalisha umeme kwenye gari lake la Qashqai ya e-Power, ambalo magurudumu yake husukumwa na mota ya umeme, na ilipofika 2025 ikaweka mahali pake injini mpya ya lita 1.5 yenye kompresheni isiyobadilika.

Kwa anayetaka petroli yenye nguvu bila betri kubwa, bado naiona ina nafasi, hasa kwa safari ndefu za mwendo mmoja. Ila nisingenunua iliyotumika kabla ya kuihakiki namba ya chasisi kama inahusika na ule ukaguzi na kama ulifanyika. Ningetaka pia kuona kumbukumbu za kubadilisha oili, kisha sampu ifunguliwe mbele yangu.