Accra na Njia ya Kwenda Ngomeni

Funguo za ngome ya Osu, jijini Accra, mji mkuu wa Ghana, haziko Accra. Wanazo Waakwamu, kabila la ndani mwa Ghana. Mwaka 1693 mtu wao mmoja, Asameni, aliyewahi kuwa mpishi wa Wadenmark humo ngomeni, alirudi na wenzake wakijidai wamekuja kununua bunduki. Wakaomba kuzikagua kwanza. Walipopewa wakazishindilia risasi walizoficha, na ngome ikawa yao. Walikaa humo karibu mwaka mzima, kisha wakawauzia Wadenmark ngome yao wenyewe kwa dhahabu na kuondoka na funguo. Hawajazirudisha mpaka leo.

Mtu akiniuliza kuhusu siasa za Accra, huwa naanzia hapo, sianzi na Kwame Nkrumah, aliyeiongoza Ghana hadi uhuru. Ugomvi wa jiji lile tangu enzi hizo ni mmoja: nani anaingia ngomeni, na nani anakomea njiani.

Pwani ile fupi ya Waga, wenyeji wa Accra, ilibeba ngome tatu za mataifa matatu. Waingereza walikuwa James Fort, Waholanzi Ussher, Wadenmark Osu. Wadenmark waliuza yao mwaka 1850, Waholanzi nao wakaondoka baadaye, na mwaka 1877 Waingereza wakahamishia Accra makao makuu ya koloni kutoka Cape Coast. Majengo yaliyokuwa yakifungia watumwa yakapewa kazi mpya: James Fort ikawa jela, Osu ikawa makao ya gavana.

Sasa tuje mwaka 1948, ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, tunaoukariri shuleni. Mwanzoni mwa mwaka huo Nii Kwabena Bonne, chifu wa Osu na mfanyabiashara, aliongoza mgomo wa kutonunua bidhaa za maduka ya Wazungu kwa sababu bei zilikuwa hazishikiki. Mgomo ulikubaliwa uishe tarehe 28 Februari. Siku hiyohiyo askari wastaafu waliandamana kupeleka barua kwa gavana. Hawa walikuwa wamepigana Burma, kama wazee wetu wa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na kama wao walirudi na ahadi mfukoni. Walitaka pensheni na kazi. Hawakuwa na silaha.

Kwenye njiapanda karibu na ngome polisi waliwazuia. Walipokataa kurudi, afisa wa Kiingereza, Colin Imray, alichukua bunduki akafyatua mwenyewe. Wakafa Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na askari Odartey Lamptey. Watu waliokwenda madukani siku ile walikuwa wamekwisha kugundua kwamba bei hazijashuka walivyotarajia. Habari za mauaji ziliwakuta wakiwa na hasira tayari. Maduka ya Wazungu yakaporwa na kuchomwa, na ghasia zikaenea miji mingine. Ndipo serikali ikawakamata wanasiasa sita, Nkrumah akiwemo, kana kwamba wao ndio walioupanga moto ule. Mimi naona waliukuta ukiwaka. Nkrumah alikuwa na miezi michache tu tangu arudi kutoka ng'ambo.

Sipunguzi sifa zake. Mwaka 1951 aligombea Accra Central akiwa mfungwa James Fort, akapata kura 22,780 kati ya 23,122. Wakamtoa jela, na kesho yake gavana Arden-Clarke akamwita Osu aunde serikali. Kutoka ngome ya jela hadi ngome ya gavana ni kilomita chache za ufukweni. Wale wastaafu watatu waliuawa kwenye safari hiyohiyo.

Desemba 1958 Accra iligeuka baraza la bara zima. Mkutano wa watu wa Afrika yote uliongozwa na Tom Mboya wetu, kijana wa miaka 28, aliyewaambia wakoloni kwamba walivyogombania Afrika kule Berlin, sasa wagombanie mlango wa kutokea. Patrice Lumumba alikuwepo. Mwezi huohuo akarudi Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kuhutubia umati akidai uhuru. Ni fahari, na naionea fahari. Lakini miezi michache kabla ya wageni kushuka uwanja wa ndege, bunge la Ghana lilikuwa limepitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Obetsebi-Lamptey, mmoja wa wale sita wa 1948 na mwenyeji wa Accra, alifariki mwaka 1963 akiwa kizuizini. Sifa za 1958 zikisomwa bila jina hilo mimi huona zimekatwa nusu.

Nkrumah alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966. Waliomfuata, wenye magwanda na wenye suti, walitawala kutoka Osu, juu ya mahandaki yaliyofungiwa watumwa. Ilichukua hadi mwaka 2013 kwa ofisi ya rais kuhama ngomeni na kwenda kwenye jengo jipya lililojengwa kwa mkopo wa India, pale palipokuwa makazi ya Nkrumah. Leo linaitwa Jubilee House. Miaka 56 ya uhuru kabla ya kuhama! Watetezi husema ngome ilikuwa salama. Sawa, ila ilijengwa iwe salama dhidi ya nani?

Septemba 2023 vijana walijipanga kuandamana siku tatu hadi Jubilee House kupinga ugumu wa maisha na ufisadi. Walikuwa wameipachika jina la Julorbi House, wakichezea neno la Kiga lenye maana ya mtoto wa mwizi. Siku ya kwanza polisi waliwakamata 49. Hawakufika.