Pamba Jiji imebaki Ligi Kuu: msimu wa mafanikio au wa kuponea?

Msimu wa 2024/25 umekwisha, Pamba Jiji bado ni timu ya Ligi Kuu, na mashabiki wake wa Mwanza hawaelewani kama hilo ni jambo la kushangilia. Upande mmoja unasema timu iliyoshuka daraja mwaka 2001 na kukaa nje miaka 23 ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kubaki. Imebaki, hesabu imefungwa. Upande wa pili unajibu kwamba timu iliyoanza ligi bila ushindi, ikamtimua kocha mwezi Oktoba na kufungwa mabao 13 na Simba na Yanga peke yao haijafanikiwa, imeponea.

Wote wana hoja za kweli, ila wanatumia vipimo viwili tofauti kwa msimu mmoja. Tuanze na kipimo cha kwanza, kwa sababu ndicho rahisi.

Ligi ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30, 15 nyumbani na 15 ugenini. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinakutana zenyewe nyumbani na ugenini. Inayoshinda inabaki, inayopoteza inakwenda kuamua hatima yake na timu iliyotoka kwenye mtoano wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Kwa hiyo eneo la hatari ni robo nzima ya msimamo. Msimu huu walioshuka moja kwa moja ni Kengold na Kagera Sugar, na walioingia kwenye mechi za mtoano ni Tanzania Prisons na Fountain Gate. Pamba haikuguswa na lolote kati ya hayo.

Kengold ndiyo mfano unaowapa nguvu wanaoshangilia. Timu hizo mbili zilipanda pamoja, tena Kengold ikiwa bingwa wa Championship na Pamba ikiwa ya pili. Baada ya msimu mmoja bingwa amerudi alikotoka na wa pili amebaki. Zilipewa kalenda moja na dirisha moja la usajili. Kwa kipimo cha timu iliyopanda daraja, Pamba imefaulu, na anayebisha hapo anabishana na msimamo wa ligi.

Upande wa pili hauishii kwenye msimamo, na hapo ndipo pana uzito zaidi.

Tazama mwanzo wa msimu. Mbwana Makata aliipandisha timu Aprili 2024. Ligi Kuu ilipoanza Agosti, kocha alikuwa Goran Kopunović. Katikati ya Oktoba Kopunović aliondoka bila kushinda hata mechi moja ya ligi, akaja Fredy Felix Minziro. Sasa msimu mpya wa 2025/26 unaanza na Francis Baraza kutoka Kenya. Hao ni makocha wanne tangu siku ya kupanda, na kila mmoja ana namna yake ya kukaba, ana orodha yake ya wachezaji na benchi lake la ufundi.

Mechi za mwanzo zilikuwa na sare nyingi, na wengi walijipa moyo kwamba timu "haifungwi ovyo". Hesabu ya pointi inasema vingine. Sare saba mfululizo zinakupa pointi saba. Ushindi wa mechi tatu na vipigo vinne vinakupa tisa. Timu inayopigania kubaki haiwezi kuishi kwa sare tupu za nyumbani, kwa sababu wapinzani wake wa kweli, wale walio kwenye kundi lake, wanakuja Kirumba, uwanja wa nyumbani wa Pamba, mara moja tu kwa msimu. Ukitoka 0-0 na timu iliyo karibu nawe kwenye msimamo, umeangusha pointi mbili, na huzipati tena mpaka uende kwake.

Tatizo la namna hii kwa kawaida halianzii kwa mshambuliaji. Timu iliyotoka Championship inapoingia Ligi Kuu inaogopa kuachia nafasi nyuma, mabeki wa pembeni wanabaki chini, viungo wakabaji wanakaa wawili mbele ya mabeki, na mshambuliaji anabaki peke yake mita 30 kutoka kwa mwenzake aliye karibu. Mpira ukipigwa mbele anaupokea akiwa ameipa goli mgongo, mabeki wawili wako naye, hana wa kumpasia. Jukwaani watu wanamzomea yeye. Kwenye ubao wa mazoezi kosa ni la umbali kati ya mistari.

Pamba ina jambo la ziada. Mechi zake za Championship ilizichezea Nyamagana, uwanja wa nyasi bandia, ambako mpira unakimbia kwa kasi ileile mwaka mzima na unadunda bila kubadilika. CCM Kirumba ni nyasi za asili. Zikianza mvua za masika, pasi ya chini inafia njiani na kiungo mwepesi anayegusa mara moja anapoteza nusu ya thamani yake. Pale unahitaji watu wa kuruka kichwa, wa kuokota mpira wa pili, na mpigaji mzuri wa kona na faulo. Ni aina nyingine ya kikosi, nayo haipatikani kwa wiki mbili.

Ndiyo maana kazi ya Minziro haistahili kupimwa kwa mechi zake za kwanza. Kocha anayepokea timu Oktoba hana maandalizi ya msimu, ana wachezaji waliosajiliwa na mwingine, na msimu huu dirisha dogo la usajili lilikuwa wazi katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Anachoweza kufanya kabla ya hapo ni kuziba: kusogeza mistari karibu, kuchagua kikosi kimoja na kukishikilia, kupunguza faulo za kizembe karibu na boksi. Dirisha likifunguka, mchezaji wa kigeni anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, kibali cha kazi na vipimo vya afya, na kama alikuwa hachezi alikotoka, anachukua wiki kadhaa kufikia dakika 90. Kwa hiyo timu halisi ya kocha wa Oktoba unaiona kuanzia Februari. Mzunguko wa pili ndio uliiokoa Pamba, na sababu ni hiyo.

Mabao 13 ya Simba na Yanga yanatajwa sana: 4-0 na Yanga Dar es Salaam Oktoba, 1-0 na Simba Kirumba Novemba kwa penalti ya Leonel Ateba, 3-0 na Yanga Kirumba Februari, 5-1 na Simba Dar mwezi Mei. Yanauma, hasa ya Kirumba ambako nusu ya jukwaa lilivaa jezi ya mgeni. Lakini hapa nasimama na wanaoshangilia. Yanga ilimaliza na pointi 82 na Simba 78. Hizo si timu za kujipima nazo ukiwa unapigania kubaki. Ziondoe mechi hizo nne uangalie 26 zilizobaki, ndipo utaona Pamba ilisimama wapi dhidi ya wenzake. Pale ndipo ilipopatia pointi zake zote, na anayetaka kuilaumu azitafute sababu kwenye mechi hizo.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ni barabara. Msimu huu Dar es Salaam ilikuwa na timu tano: Simba, Yanga, Azam, KMC na JKT Tanzania. Maana yake KMC, katika mechi 15 za ugenini, nne inacheza bila kutoka mjini. Wachezaji wanalala kwao. Pamba haina hata moja ya namna hiyo. Kutoka Mwanza kwenda Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na hata kwenda Bukoba kuikuta Kagera Sugar, msimu wote gari lilikuwa linangoja kivuko Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ligi ikiwa inaishia. Mchezaji aliyekaa kwenye basi siku nzima anaingia mazoezini na misuli ya nyuma ya paja imekaza, na majeraha ya paja ndiyo yanayokula kikosi kuanzia mechi ya 20 kwenda mbele. Klabu yenye fedha inapanda ndege. Klabu inayobana bajeti inapanda basi, kisha inalipa gharama hiyo uwanjani.

Mpaka hapo ningesema wanaoshangilia wanaongoza. Kinachonizuia ni historia ya timu za ukanda huu wa ziwa kwa miaka kumi iliyopita, kwa sababu imejaa misimu iliyoitwa ya mafanikio.

Mbao FC ilipanda 2016/17. Msimu huohuo iliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam hapohapo Kirumba, ikafika fainali Dodoma na kufungwa na Simba 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Kwenye ligi ilibaki, huku jirani zao Toto Africans wakishuka. Mwanza nzima ilisema Mbao imefanikiwa, na ilikuwa kweli. Kocha wake Etienne Ndayiragije hakukaa. Baadaye alipita KMC, Azam, hadi Taifa Stars. Mwaka 2020 Mbao ilishuka kwa kupoteza mechi za mtoano na Ihefu, na msimu uleule Alliance ya Mwanza nayo ikashuka. Gwambina ya Misungwi ikapanda, ikakaa msimu mmoja.

Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne 2020/21 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na kutolewa. Msimu huo wa 2021/22 ilishuka daraja.

Geita Gold ilikuwa ya nne 2021/22, msimu wake wa kwanza, George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, na kocha akiwa Minziro huyuhuyu. Mpole akaenda Lupopo ya DR Congo. Mwaka 2024 Geita ikashuka. Na sasa hata Kagera Sugar, iliyozoeleka kama nguzo ya kanda hii, imeondoka. Kwenye pwani yote ya ziwa upande wetu, Pamba imebaki peke yake Ligi Kuu.

Timu hizi hazikuanguka kwa sababu zilicheza vibaya katika msimu wao mzuri. Zilianguka kwa mambo yaliyofuata: kocha kuondoka, wachezaji watano au sita wa kikosi cha kwanza kwenda kwa sababu mikataba yao ilikuwa ya mwaka mmoja, mishahara kuchelewa, na madeni ya walioachwa. Deni la mchezaji au kocha wa kigeni ndilo baya kuliko yote, kwa sababu likifika FIFA klabu inafungiwa kusajili. Kitayosce ya Tabora ilianza msimu wa 2023/24 dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu walioruhusiwa kucheza, na mechi ikavunjika walipopungua chini ya saba. Hakuna kocha anayeweza kurekebisha hilo kwa mbinu.

Kwa Pamba kuna pia suala la mwenye timu. Ni timu ya Halmashauri ya Jiji, kama Dodoma Jiji, na kama KMC ya Manispaa ya Kinondoni. Faida yake ni kwamba haitegemei mfuko wa tajiri mmoja anayeweza kuamka kesho amechoka. Udhaifu wake ni kwamba bajeti inapitishwa kwa mwaka wa serikali, inashindana na madawati na taka, na fedha zinatoka kwa utaratibu wa ofisi wakati soko la wachezaji halingoji saini. Mkataba wa Azam Media wa 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, unasaidia, lakini mgawo wake unazingatia pia nafasi unayomaliza, kwa hiyo kumaliza wa nane badala ya wa 12 si suala la heshima pekee.

Hukumu yangu ni kwamba msimu ulifanikiwa, bila nyota. Lengo lilikuwa kubaki na limefikiwa bila kuingia mtoano, jambo ambalo bingwa wa Championship hakuliweza. Wanaosema timu imeponea wamekosea kuuita msimu wenyewe kuwa wa kushindwa, lakini wamepatia wanapoonyesha kidole kwenye makocha wanne na kikosi kilichojengwa upya katikati ya safari. Kubadilisha tena benchi baada ya kubaki kunaifanya timu ianze kujifunza upya, na hapo ndipo Mbao na Geita zilipoanzia kuteleza.

Kwa hiyo anayetaka kuendelea na mjadala huu aache msimamo wa 2024/25 na aangalie mambo matatu ya msimu wa 2025/26. Wangapi kati ya kikosi kilichocheza kuanzia Februari wamesaini zaidi ya mwaka mmoja. Kama waliovunjiwa mikataba, makocha wakiwemo, wamelipwa na kuna karatasi. Na pointi zitakazopatikana Kirumba katika mechi nne za kwanza za nyumbani: chini ya sita, kelele za kumtaka kocha mpya zitaanza tena mwezi uleule wa Oktoba.