Lugha ya Kuandikia Chipu: Ifiche Saa au Iionyeshe?

Miongoni mwa vijana wa Malindi wanaojifunza FPGA, yaani chipu unayoweza kuipangia saketi upya ukiwa nyumbani, kuna ubishi usiokwisha: waanze na Verilog ya wazee, lugha ya kuelezea saketi kwa maandishi, au wairuke waende kwenye lugha mpya? Baadhi yao wanataka kutengeneza vipokezi vya setilaiti, na si ajabu kwa mji ulio jirani na Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970.

Wanaoilaumu Verilog wana haki. Ilizaliwa katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya kuigiza saketi kwenye kompyuta; kazi ya kuyageuza maandishi yake kuwa saketi halisi ilikuja kupachikwa baadaye. Ndiyo maana mtu huandika #10 akidhani ameamuru saketi ichelewe: uigizaji unamtii, chipu haina habari. Akisahau tawi moja la if anapata lachi (kijisaketi kinachoshikilia thamani ya zamani) asiyoiomba, na onyo lenyewe limezama katikati ya mistari mia. Lugha iliyobuniwa vizuri ingemkatalia papo hapo.

Chisel, lugha iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2012, inakataa mengi ya hayo. Imejengwa ndani ya Scala, lugha ya kawaida ya programu; rejista, yaani vihifadhi vinavyobadilika kwa mpigo wa saa, hutangazwa waziwazi, na kwa kitanzi kimoja unazalisha vichujio vya ukubwa wowote. Lakini mwishowe hutema Verilog, na bodi ikigoma, majina utakayoyakuta kwenye ripoti ni ya Verilog hiyo iliyoandikwa na mashine. Asiyeijua ataanzia wapi?

Njia ya tatu, kuandika programu kwa lugha ya C kisha mashine ijipangie saketi, ndiyo inayonitia shaka zaidi kwa anayeanza. (Kwa mhandisi mzoefu wa kuchakata picha inaokoa muda, sikatai.) C haijui mpigo wa saa, ule unaoongoza hatua za saketi. Kujumlisha mara mbili kwenye chipu kunaweza kuwa vijumlishi viwili vinavyofanya kazi pamoja, au kimoja kinachotumika kwa zamu, na hapo ndipo ukubwa na kasi ya saketi huamuliwa. Lugha ikiuficha uamuzi huo, mtu huishia kubandika maelekezo ya pembeni kila mahali, yaani anaandika lugha ya pili juu ya ile ya kwanza.

Naegemea kwa wazee, kwa sharti: Verilog, ila ile sehemu yake ndogo inayogeuka saketi, pamoja na Yosys, programu huria ya kugeuza Verilog kuwa saketi, isiyodai ada ya leseni. Mtu akishaweza kutazama mistari kumi akataja ina rejista ngapi, na ahamie Chisel. Vitanzi vyake vitamfaa, kwa kuwa atajua kila mzunguko unaongeza nini kwenye chipu.