Dodoki la Ami

Mama hakuwahi kulipenda tangi langu la vioo. Kufuga samaki si neno. Bibi yangu alikuwa nao, wadogo wadogo, ndani ya birika la msalani, kama nyumba nyingi za zamani hapa Lamu, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Wale samaki walikuwa na kazi. Lakini sifongo?

"Hana mdomo, hana tumbo, hana macho," alisema siku mvuvi rafiki yangu aliponiletea, nyekundu kama pilipili, imenasa kwenye dema pamoja na kijiwe chake. "Na wewe wamwita mnyama?"

Nikamweleza kwamba hunyonya maji kwa vitundu visivyohesabika, huchuja vijidudu akavila, kisha maji huyatoa kwa tundu kubwa. Maji yakiwa masafi mno, hufa njaa.

"Kumbe ndugu yako," akasema Mama. "Akaa pale pale, ashinda akila."

Kuna jambo moja sikulifanyia mchezo: sifongo haitolewi majini. Hewa ikiingia kwenye vijia vyake hukwama humo, na ilipokwama nyama huoza. Mvuvi aliitia kwenye ndoo huko huko baharini, nami nikaihamisha chini ya maji, mikono ikinitetemeka kama nimebeba yai la mwisho mjini.

Ijumaa moja nilikuwa nasafisha tangi. Sifongo nikaiweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, ndoo nikaitia msalani, kando ya birika, penye kivuli. Nikatoka na punda wa jirani na madumu manne kuteka maji upande wa Shela, maana ya gatini yana mafuta ya mashua.

Kumbe Ami amefika kutoka Faza, chumvi imemkauka mwilini, na Ijumaa ni siku ya josho. Kaingia msalani, kaona ndoo, na ndani ya ndoo dodoki jekundu, laini. Baadaye alisema alidhani ni la kisasa.

Sifongo za kuogea zipo, ila zile ni kiunzi laini kinachobaki nyama ikishaoza. Yangu ilikuwa hai, na kama aina nyingi, imejaa vijisindano vya kioo ambavyo jicho halivioni. Ami alijisugua mgongo, kifua na makwapa. Ni mtu wa usafi sana. Nitaishia kwapani, kwa heshima yake.

Nilikuwa nafunga punda niliposikia ukelele. Mama alikimbilia mlango wa msala, akamwita mke wa kaka yangu, ambaye ndiyo kwanza ana mwezi mmoja tangu aje kutoka Nakuru: "Ndoo! Ndoo!"

Kwetu hiyo ni "njoo". Shemeji, maskini, akaleta ndoo.

"Ndoo upesi!"

Akaleta ya pili. Mama akapandisha sauti, ikaja ya tatu.

"Nakwambia ndoo!"

"Mama, zimekwisha!"

Muuguzi wa jirani ndiye aliyetuokoa. Asisuguliwe, akasema, akaushwe, abandikwe selotepu, ibanduliwe polepole itoke na vile vijisindano, kisha apakwe siki. Kazi ya kubandua nilipewa mimi, mwenye mnyama. Kila selotepu iliondoka na nywele za kifua, na kila unywele uliondoka na dua ambayo sikuiitikia amina. Siki ilikuwa chupa moja tu, ambayo Mama aliiweka kwa ajili ya achari ya maembe. Ilikwisha yote.

Sifongo niliikuta msumarini. Ami alikuwa ameikamua vizuri na kuitundika ikauke.

Niliirudisha majini kwa matumaini ya kijinga. Siku ya tatu ilipauka, ikaanza kumomonyoka, samaki wakawa wanahema juu ya maji, na nyumba ikanuka hadi kichochoroni. Mama alichoma udi. Tukawa na harufu ya udi uliooza. Nikaitoa, nikabadilisha karibu maji yote. Yule punda hanipendi mpaka leo.

Jioni moja nikamkuta Ami barazani, amezungukwa na wazee, bado ana harufu ya achari, akiwasimulia yaliyompata kwenye mkondo wa Mkanda. Konyeza, alisema, yule mnyama wa baharini awashaye. Mkubwa kama mwavuli, akamkumbatia mwili mzima.

Mzee mmoja akanigeukia mimi: ati kweli?

Ami alinitazama, akajikuna kifua polepole.

"Miavuli miwili," nikasema.